Mto Ngerengere, Jina Lake, na Majina ya Maji Yanayozunguka Uluguru

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwa reli kwenda bara, miongoni mwa vituo avipitavyo ni Ruvu, kisha Ngerengere, ndipo afike Morogoro. Ndivyo ilivyokuwa katika njia ya zamani, iliyoanza kujengwa na Wadachi mwaka 1905 na kufika Morogoro mwaka 1907. Na ndivyo ilivyo katika reli mpya ya umeme, iliyoanza kuchukua abiria mwaka 2024. Majina haya matatu husikika siku zote, hata watu wengi hudhani kuwa ni majina ya stesheni tu. Lakini yote matatu ni majina ya maji. Ruvu ni mto mkubwa uingiao baharini karibu na Bagamoyo. Ngerengere ni mto mdogo uingiao Ruvu. Na Morogoro ni kijito kiingiacho Ngerengere. Kwa hiyo abiria yule, pasipo kujua, hupanda mto kwa majina yake, toka mkubwa hata mdogo kabisa.

Katika kurasa hizi tumekusudia kueleza habari za huo wa katikati, yaani Ngerengere. Si mto wenye sifa. Hauna maporomoko ya kutazamwa wala vyombo viupandavyo, na wakati wa kiangazi hupungua sana. Lakini jina lake limeandikwa kwa namna nyingi, na jirani zake vilevile. Na atakayeyaangalia majina hayo kwa makini ataona jinsi nchi inavyopewa majina, nani huyatoa, na nani huyapoteza.

Kwanza tuseme habari za mahali. Milima ya Uluguru imesimama peke yake katika nchi tambarare, yapata kilometa 200 kutoka pwani, na vilele vyake virefu hupita meta 2600. Upande wa mashariki hupata mvua nyingi mno, kwa kuwa pepo za baharini hugonga pale kwanza. Upande wa magharibi na wa kaskazini, ulipo mji wa Morogoro, mvua ni chache kuliko hizo. Ruvu huanzia upande wa mashariki, penye mvua. Mito miwili huizunguka milima kama mikono miwili: Mgeta hutoka upande wa magharibi ukapinda kwa kusini, na Ngerengere hutoka upande wa magharibi vilevile ukapinda kwa kaskazini, na yote miwili hatimaye humwaga maji yake katika Ruvu. Hivyo tone la mvua likiangukia mteremko wa magharibi laweza kwenda kusini au kaskazini kwa sababu ya mgongo mmoja tu wa kilima, likasafiri siku nyingi, na mwisho likakutana na mwenzake aliyepita upande wa pili.

Maji ya Ngerengere hukusanyika katika bonde lililo magharibi ya mji, chini ya vilima vya Mindu. Huko hukutana vijito vitano: Mlali, Mgera, Mzinga, Lukulunge, na Ngerengere wenyewe. Katika miaka ya 1980 pale palizibwa pakafanywa bwawa la kuupatia mji maji, nalo huonekana na kila apitaye kwa njia ya Iringa. Chini ya bwawa mto huendelea, hupita karibu na Mazimbu, huupokea Morogoro na vijito vingine vishukavyo toka mlimani, kisha huelekea mashariki katika nchi kavu iliyokuwa na mashamba makubwa ya mkonge, hupita mji mdogo uitwao kwa jina lake, na kuingia Ruvu.

Hapa pana swali ambalo mtu asiyekaa karibu na maji hajiulizi. Vijito vitano vikikutana, kwa nini jina la kimoja ndilo likaendelea, na manne yakafa pale? Wapimaji wa ramani husema kwamba jina ni haki ya kile kirefu, au kile chenye maji mengi. Lakini watu hawakupima kwa kamba. Watu huliita jina la maji wanayoyavuka, na wale waliokaa chini, wasiojua vijito vya juu, waliita mto wote kwa jina walilolizoea wao. Ndiyo sababu majina hupanda mto kuliko yanavyoshuka. Mtu wa juu hutoa jina la kijito chake, nalo hukoma mwisho wa shamba lake; mtu wa chini hutoa jina la mto mzima, nalo huzidi kupanda hata likutane na mlima. Tutaona kwamba kanuni hii imekuwa na nguvu katika Ruvu pia, ingawa mwisho wake pale ulikuwa mwingine.

Sasa tuangalie sura ya majina yenyewe. Majina ya maji ya nchi hii, kwa sehemu kubwa, hukaa katika nyumba mbili. Nyumba ya kwanza ni ya M: Mgeta, Mkata, Mlali, Mzinga, Mgera, Mkondoa. Hii ni ngeli ya mto wenyewe, na ya mkondo na mfereji, wala si ajabu. Nyumba ya pili ni ya Lu au Ru: Ruvu, Lukulunge, na mbali zaidi Ruaha, Rufiji, Ruvuma, Luwegu, Lukuledi. Kiswahili cha leo kimeipoteza silabi hiyo, kikabakiza u tu: twasema ulimi, na ndugu zetu wa bara husema lulimi. Ngeli hiyo hupenda vitu virefu na vyembamba, kama uzi, ufito, ukuta, upote. Na kitu kirefu kuliko vyote nchini ni mto. Waluguru wenyewe jina lao limo katika nyumba hiyo, maana kwao lugulu ni mlima, na Waluguru ni watu wa mlimani. Msomaji ataona pia kwamba wenyeji wengi hutamka l pale sisi tuandikapo r. Mwandishi wa mjini akiandika Ruguru au Luguru au Lugulu, hajataja makabila matatu.

Ngerengere haumo katika nyumba yoyote ya hizo mbili. Jina lake ni la kurudiwa, nusu ya kwanza na nusu ya pili zikifanana, nalo laingia ngeli ya N. Wapo wapendao kulifungua jina kama hilo kwa sikio, wakalifananisha na kigelegele, au na kengele, wakasema mto uliitwa hivyo kwa mlio wa maji yake. Sisi twaona kazi ya namna hiyo ni mchezo wala si elimu. Mto Mzinga ukifunguliwa kwa njia hiyo, mmoja atatuletea nyuki, na mwingine atatuletea bunduki kubwa, na kila mmoja atakuwa na hakika. Jina la kale huthibitishwa kwa lugha ya watu waliolitoa, si kwa lugha ya aliyelisikia.

Na waliolisikia ni wengi. Wa kwanza kulitangaza sana katika vitabu vya Ulaya na Marekani ni Stanley, alipopita mwaka 1871 akimtafuta Livingstone. Yeye aliandika Ungerengeri. Wasomaji wengine wamedhani kwamba labda siku zile mto uliitwa hivyo, kisha u ikaanguka. Sisi hatukubali. Angalieni majina mengine katika safari ileile: Mkata ameuandika Makata, Mkondoa ameuandika Mukondokwa, kama alivyofanya Burton kabla yake. Mji wa Mrogoro, kama ulivyoandikwa zamani na Wadachi, leo twauita Morogoro. Ruvuma wengine waliuandika Rovuma. Maneno haya yote yana ugonjwa mmoja. Ulimi wa Mzungu hauwezi kuanza neno kwa m au n isiyo na vokali mbele ya konsonanti nyingine. Basi hutafuta vokali ya kuegemea. Penye m huiweka baada yake, ikawa Ma, Mu au Mo. Penye ng, ambayo haiwezi kukatwa katikati, huiweka kabla yake, ikawa Ung. Tena alikuwa amekwisha kuzoea majina ya nchi yaanzayo kwa U, kama Usagara, Ugogo na Unyamwezi, hata u hiyo haikumshangaza. Na ile i ya mwisho ameiandika kwa ajili ya wasomaji wake, kwa maana Mwingereza akiona e mwisho wa neno huiacha bila kuitamka.

Walakini tusimcheke msafiri kabla ya kumsikiliza. Katika Mukondokwa vokali ya kwanza ni yake, lakini ile kwa ya mwisho ilitoka wapi? Hakuna haja ya Kizungu iliyomlazimisha kuitia. Na si yeye tu, Burton naye aliisikia miaka kumi na minne mbele. Twaona kwamba yafaa kuamini kuwa wenyeji walisema hivyo, na kwamba Mkondoa wa leo ni jina lililofupishwa kinywani mwa wapita njia, labda kwa kuvutwa na neno mkondo ambalo kila Mswahili alilijua. Hivyo mgeni aliyekosa mwanzo wa neno ndiye aliyetuhifadhia mwisho wake. Mwenye kukusanya majina ya zamani hana budi kukumbuka jambo hili: ajifunze kwanza makosa ya kila mwandishi, maana mtu hukosa kwa desturi yake, na akiisha kuyatoa makosa hayo, yaliyobaki yana thamani.

Tumetaja mji. Huyo Stanley hakuukuta mji uitwao Morogoro. Aliukuta mji wenye ukuta wa mawe na minara, karibu na mto, akauita Simbamwenni, akakisia nyumba zake kuwa yapata 1000 na watu wake kati ya 3000 na 5000. Mji ulijengwa na Kisabengo, mtu mwenye nguvu aliyekuja na watu wake akakaa chini ya milima, penye njia ya misafara; na alipokufa binti yake alitawala, naye ndiye aliyeitwa Simbamwene. Jina hilo la enzi lapasa kuandikwa kwa n moja, kwa maana mwene ni bwana au mwenye mamlaka, neno la ukoo mmoja na mwinyi wa pwani. Nasi twaona katika habari hii hoja ya kwamba kijito Morogoro ndicho kilichotangulia na mji ukafuata. Mji ulipokuwa na mwenyewe mkuu, uliitwa kwa jina la mwenyewe. Enzi hiyo ilipokwisha, mahali palibaki na jina la maji, ambalo halikuwa la mtu. Hivyo ndivyo miji mingi ya bara ilivyo: mtawala huondoka na jina lake, na kijito hubaki.

Lakini maji yenyewe yaliugusa mji ule kabla enzi haijaisha. Stanley alimwacha Livingstone Unyanyembe tarehe 14 Machi 1872, akarudi pwani kwa njia ileile, akafika Bagamoyo tarehe 6 Mei. Masika ya mwaka ule yalikuwa makali kupita kiasi. Tarehe 15 Aprili tufani iliupiga mji wa Zanzibar, ikavunja vyombo vya Sultani Barghash na kung'oa mikarafuu ya Unguja kwa maelfu. Nayo mambo hayo yajulikana na kila asomaye historia ya visiwa. Yaliyotokea bara katika majuma yaleyale hayakumbukwi sana. Stanley aandika kwamba alipofika bonde la Ngerengere aliambiwa na kuona mambo ya kutisha: ukuta wa mbele wa mji wa Simbamwene umechukuliwa wote na mto, pamoja na nyumba zipatazo 50, na vijiji vya Waluguru mlimani navyo viliharibiwa vibaya, hata akakisia kwamba watu waliokufa kwa jumla hawapungui 100. Si vigumu kudhani kwamba mvua zile zilikuwa ncha ya tufani ileile.

Haya yameandikwa na mgeni aliyepita kwa siku moja au mbili, tena mwenye homa na haraka. Walakini ndiyo habari tuliyo nayo, na yatupasa kuitazama kwa namna ya wenyeji. Mto ambao mwezi wa Oktoba mtoto huuvuka akiwa amebeba kuni, mwezi wa Aprili ulibeba ukuta wa mawe. Na wale 100 hawana majina katika kitabu. Jina lililoandikwa pale ni la mto, tena limeandikwa kwa makosa.

Sasa turudi kwa Ruvu, kwa maana hadithi ya jina la Ngerengere haieleweki bila hiyo. Burton na Speke walipoondoka pwani mwaka 1857 walifuata bonde la mto waliouita Kingani. Stanley vilevile. Ramani za Wadachi zikaandika Kingani, hata chombo chao kidogo cha serikali kikaitwa Kingani, na mwenzake Wami, kwa majina ya mito miwili iingiayo baharini pande hizo. Vyombo hivyo baadaye vilipelekwa Ziwa Tanganyika, na ile Kingani ilitekwa na Waingereza tarehe 26 Desemba 1915, ikapewa jina la Fifi. Hivyo hata juu ya maji mengine jina hilo halikudumu. Leo ukimwuliza mtu wa Mlandizi au wa Morogoro mto huo ni upi, atakuambia Ruvu. Na ofisi inayoangalia maji ya nchi hiyo hutaja bonde la Wami na Ruvu. Pale Wadachi walipokuwa na Wami na Kingani, sisi tuna Wami na Ruvu.

Kisa chake ni nini? Tazameni mwisho wa neno Kingani. Ni ule wa mahali, kama Mtoni, Shambani, Mjini. Na mto mwingine wa pwani yetu una mwisho huohuo, nao ni Pangani. Sasa Pangani nao, ukipanda hata karibu na Kilimanjaro, hauitwi tena Pangani. Yale maji yatokayo Ziwa Jipe huitwa Ruvu. Basi mito miwili mikubwa, iliyo mbali mmoja na mwingine, kila mmoja una jina la pwani lenye alama ya mahali, na kila mmoja huko juu huitwa Ruvu. Kwetu hili si bahati. Watu wa pwani waliita mlango wa mto kwa jina la mahali pao, kwa maana wao waliujua mlango tu, penye chumvi na mikoko. Na watu wa bara, katika lugha zilizo ndugu, walikuwa na neno moja la kale la maji makubwa yapitayo. Asemaye Ruvu, kwa rai yetu, hakusudii kuutofautisha mto huu na mwingine. Asema tu, Mto. Mtu wa kijiji kimoja ana mto mmoja, wala hahitaji kuutenga na mingine.

Ramani ndiyo yenye kuhitaji kutenga. Mwenye ramani aliweka Kingani mto mzima kwa kuwa aliingia nchini kwa mlango huo, na jina likapanda naye. Kisha reli ilipopita katikati ya nchi, ikajenga daraja na kituo mbali na mlango wa mto, kituo kikaitwa kwa jina la wenyeji wa pale, na jina lile likaanza kushuka. Twaona ya kwamba katika miaka mia moja jina la bara limeshuka hata baharini na kulifuta la pwani. Na Pangani je? Kule mji ulikuwa mkubwa na wenye biashara, na jina lake likashika. Tazama, nguvu ya majina si haki wala ukweli wa zamani. Ni nani apitaye mara nyingi, na kwa njia ipi.

Mfano wa tatu uko upande wa pili wa mgongo wa maji. Mto ushukao kupita Kilosa ni Mkondoa. Maji yake yakiisha kuingia uwanda wa Mkata na mabwawa yake, huungana na mengine, na upande wa Dakawa huitwa Wami, hata Saadani. Stanley aliona jambo hili mapema, akawaeleza wasomaji wake kwamba maji hayo yenye majina mengi ni mto mmoja. Wenyeji hawakuwa na haja ya kuelezwa. Kwao majina mengi si kosa la kusahihishwa: Mkondoa una mawe na mbio, Wami una mamba na matope, na mtu akikutajia jina umejua mara moja asimama wapi. Jina moja toka mlimani hata baharini ni jambo la faida kwa serikali na kwa mwenye mashine ya maji, lakini lina hasara yake.

Tena hasara hiyo si ya maneno tu. Tangu mwaka 1959 mji wa Dar es Salaam hunywa maji ya Ruvu yatolewayo Mlandizi, na tangu mwaka 1976 yatolewayo chini zaidi pia. Ngerengere umekwisha kuingia Ruvu kabla ya mahali hapo pote pawili. Kwa hiyo kinachotupwa katika kijito kidogo pale Morogoro, penye viwanda na mitaa iliyosongamana, jina lake hupotea penye makutano, lakini chenyewe hakipotei. Mnywaji wa Dar es Salaam ajua Ruvu. Ngerengere kwake ni kituo cha reli. Kikundi na Kilakala na Bigwa, vijito vishukavyo kupita mjini, hajapata kuvisikia. Na watu wa milimani nao wamepata kuona uzito wa watu wa chini. Katika miaka ya 1950 serikali ya wakati ule iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi katika mashamba yao, ili udongo usichukuliwe na maji yasiharibike huko chini. Kazi ilikuwa kubwa, faida hawakuiona, na mwaka 1955 yalitokea machafuko huko Matombo, na mpango ule ukaachwa. Katika habari za mambo hayo jina la Ruvu hutajwa kila mara, kwa kuwa Ruvu ndio uliokuwa na watu wa kuusemea. Vijito vyenyewe, ambavyo kila kimoja kina ukoo unaolima kandokando yake, havitajwi.

Katika desturi za Waluguru kuna jambo linalofaa kuwekwa hapa kando ya hayo. Wao huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na mkuu wa ukoo akifa, yule amrithiye hurithi na jina lake. Ndiyo maana Kingalu wa Kinole hakuwa mtu mmoja. Amekuwapo Kingalu baada ya Kingalu, na jina limekaa mahali pale pamoja na ardhi. Watu walio na desturi hiyo hawaoni ajabu kwamba maji mapya kila siku yana jina lilelile. Nao wakisema kijito fulani ni cha ukoo fulani, hawasemi kwa mfano tu. Wasema habari za mipaka, na za nani alitangulia kukata msitu pale. Jina la kijito likipotea, ushahidi wa shamba umepotea pamoja nalo.

Nalo hupotea upesi. Vita ilipokwisha pande zile, baada ya Waingereza kuingia Morogoro tarehe 26 Agosti 1916, maofisa wapya walirithi ramani za Wadachi na kuzisoma kwa ulimi wao. Vijito vidogo vikaachwa vikawa mistari ya buluu bila neno. Mji ulipokua, vingine viligeuzwa mifereji ya saruji, na watoto wanaokaa kandokando yake huviita mtaro. Sisi tumesimama juu ya daraja dogo mjini tukauliza watu watatu jina la maji yaliyokuwa chini yetu. Wawili walisema mtaro. Wa tatu, mama mzee mwenye kuuza mboga, alitutazama kana kwamba tumeuliza jina la mama yake, akalitaja bila kufikiri, akatuonyesha kwa kidole mlimani mahali linapoanzia.

Kwa hiyo twawaomba wasomaji wetu walio Uluguru, na Ukami, na Ukwere, na popote Ngerengere upitapo, watuandikie majina ya vijito wavijuavyo. Wayaandike kama yatamkwavyo na watu watekao maji pale, siyo kama yalivyo katika vibao vya barabara. Wakisikia l waandike l, na wakisikia m tupu wasiitie vokali. Waseme jina laanzia wapi na laishia wapi, ni ukoo gani ulimao kandokando, na kama kijito hukauka, mwezi gani. Maana ya jina si lazima. Akiwapo mzee aijuaye katika lugha yake mwenyewe, na iandikwe pamoja na maneno yake. Mchoro wa penseli watosha, mradi uonyeshe maji yatokako na yaendako.

Sisi wenyewe, katika kurasa hizi, tutaandika Ngerengere, Mkata, Mkondoa, Ruvu na Ruvuma. Morogoro tutauacha kama ulivyo, pamoja na o yake ya kwanza, kwa kuwa watu wa mji ule wameizoea na kuipenda. Lakini mama yule wa mboga, tulisikiliza vizuri, hakuitia.